Mbwa Wako Anakaribia Kuzaa: Mwongozo wa Maandalizi ya Nyumbani

Mbwa jike mwenye afya kwa kawaida huzaa bila kusaidiwa na mtu, na mara nyingi mwenye nyumba huamka asubuhi akakuta watoto wameshakauka na wananyonya. Hata hivyo, watoto wengi wa mbwa hufa katika siku zao za mwanzo kwa sababu zinazozuilika: baridi, kulaliwa na mama, siafu, minyoo, au uchungu uliokwama huku watu wakidhani kwamba mambo yatajipa yenyewe. Karibu yote hayo huzuiwa kabla ya usiku wa kuzaa wala si usiku wenyewe. Mwongozo huu ni kwa anayefuga mbwa nyumbani, awe ni mbwa wa kienyeji wa kulinda boma au jamani shepadi aliyenunuliwa kwa fedha nyingi, na unafuata mtiririko wa siku tangu alipopandwa.

Hatua ya kwanza: andika tarehe ya kupandwa

Tafuta daftari na uandike siku dume lilipompanda. Kama alipandwa zaidi ya mara moja, andika tarehe zote. Mimba ya mbwa huchukua siku 63 hivi tangu yai lilipotoka, lakini siku hiyo haionekani kwa macho. Mbegu za dume hukaa hai ndani ya jike kwa siku kadhaa zikisubiri yai, na kwa sababu hiyo, ukihesabu tangu siku ya kupandwa, kuzaa kunaweza kuangukia popote kati ya siku ya 57 na siku ya 72. Asiyeijua tarehe hawezi kutofautisha mbwa ambaye siku zake hazijafika na mbwa aliyepitiliza, na tofauti hiyo ndiyo inayoamua kama ni wakati wa kusubiri au wa kumwita daktari.

Ikiwa jike lilitoroka getini na hujui lilipandwa lini, mpeleke kwa daktari wa mifugo. Kipimo cha ultrasaundi huonyesha mimba kuanzia siku ya 28 hivi, na picha ya eksirei ikipigwa baada ya siku ya 55 huonyesha mifupa ya watoto kiasi cha kuweza kuwahesabu. Nashauri sana hesabu hiyo ifanyike mahali inapopatikana, kwa sababu mtu anayejua kwamba tumboni mna watoto sita hatalala wakati wametoka watano tu.

Hatua ya pili: tafuta daktari na usafiri mapema

Si kila mtaalamu wa mifugo wa kata amezoea mbwa. Wengi wao siku nzima wanashughulika na ng'ombe, mbuzi na kuku. Muulize waziwazi kama anaweza kumsaidia mbwa aliyeshindwa kuzaa, kama anafanya upasuaji au anajua unapofanyika, na kama anapokea simu usiku. Andika namba yake na ya daktari wa pili. Wanaokaa karibu na Morogoro wana Chuo Kikuu cha Sokoine cha Kilimo, na wanaokaa Nairobi wana kitivo cha tiba ya wanyama cha Kabete, ambako madaktari wa wanyama hufundishwa na wanyama hutibiwa. Kwingineko, hakikisha kwamba unayemwita daktari amesajiliwa na Baraza la Veterinari la nchi yako.

Usafiri ni jambo linalosahaulika mpaka saa nane za usiku. Madereva wengi wa bajaji na teksi hukataa kubeba mbwa, wengine kwa woga na wengine kwa sababu za dini zinazostahili kuheshimiwa, na bodaboda haimfai mbwa mwenye uchungu. Patana mapema na dereva mmoja anayekubali, mweleze kwamba utatandika shuka na nailoni kwenye kiti, na mkubaliane nauli ya usiku kabisa.

Hatua ya tatu: chakula kiongezwe kwa wakati wake

Kosa la kawaida ni kuanza kumshindilia jike chakula mara tu inapojulikana kwamba ana mimba. Katika wiki tano za kwanza watoto bado ni wadogo mno, na chakula cha ziada humnenepesha mama tu, na jike lililonenepa kupita kiasi huzaa kwa shida. Kuanzia wiki ya sita ongeza kidogo kidogo kila wiki, hadi karibu na kuzaa awe anakula robo zaidi ya kawaida yake au hata nusu zaidi, ikigawanywa katika milo mitatu au minne, kwa maana tumbo lililojaa watoto halina nafasi ya mlo mmoja mkubwa.

Ugali na dagaa unaowalisha mbwa wengi wa kwetu hushibisha, lakini kwa jike mwenye mimba mara nyingi ugali unakuwa mwingi na dagaa wachache. Geuza uwiano huo: dagaa waliochemshwa bila chumvi, mayai yaliyopikwa, maini kidogo, utumbo na vichwa vya samaki vilivyopikwa na kutolewa mifupa, kisha ugali ufuate. Mwenye uwezo na anunue chakula cha dukani kilichotengenezwa kwa ajili ya watoto wa mbwa, kwa sababu kina nguvu na madini yanayomfaa pia mama mwenye mimba. Maji safi yawepo usiku na mchana.

Jambo moja nalisisitiza kwa sababu watu hulifanya kwa nia njema: usimpe jike mwenye mimba vidonge wala unga wa kalsiamu pasipo agizo la daktari. Mwili wake una utaratibu wa kuchota kalsiamu kutoka katika mifupa wakati maziwa yanapoanza kutoka, na akizoeshwa kuipata kwa wingi wakati wa mimba, utaratibu huo huzembea, kisha baada ya kuzaa hupatwa na degedege la kupungukiwa na kalsiamu, ambalo nitalieleza mwishoni.

Hatua ya nne: minyoo, kupe na chanjo

Mtoto wa mbwa anaweza kuzaliwa akiwa tayari na minyoo. Viluwiluwi vya minyoo ya mviringo hulala katika nyama za mama kwa muda mrefu, na mimba inapokomaa huamka na kupita kwenye kondo hadi kwa watoto, ilhali wale wa safura hupitia kwenye maziwa. Ndiyo sababu watoto wengi wana matumbo yaliyovimba na mbavu zinazohesabika kabla hawajamaliza mwezi. Dawa ya fenbendazoli ya miligramu 50 kwa kila kilo ya uzito wa mama, ikitolewa kila siku kuanzia siku ya 40 ya mimba hadi siku ya 14 baada ya kuzaa, hupunguza sana maambukizi hayo. Mwombe daktari akupimie dozi. Minyoo hiyo hiyo huwapata pia watoto wa binadamu wanaochezea udongo, kwa hiyo kinyesi cha mbwa kizolewe kila siku.

Usichukue albendazoli ya mbuzi ukampa jike mwenye mimba, kwa kuwa inaweza kuwadhuru watoto tumboni. Vilevile usimwogeshe kwa dawa ya josho la ng'ombe ili kuua kupe. Dawa hizo hupimwa kwa mnyama wa kilo mamia, baadhi yake ni sumu kwa mbwa, na mabaki yanayoganda kwenye chuchu yatalambwa na watoto. Toa kupe kwa mkono au kwa kibano, na muulize daktari dawa iliyo salama kwa mwenye mimba. Chanjo, ikiwemo ya kichaa cha mbwa, ni vizuri iwe imekamilika kabla ya kupandwa, maana kinga anayoipata mama ndiyo atakayowapa watoto kupitia dang'a, yaani maziwa ya kwanza baada ya kuzaa. Katika wiki tatu za mwisho za mimba na tatu za kwanza baada ya kuzaa, mtenge na mbwa wengine, na wageni wanaotoka kwenye nyumba zenye mbwa wagonjwa wasiingie na viatu vyao, kwa sababu virusi vya parvo, vinavyoleta kuharisha kunakoua watoto wa mbwa, husafiri hata kwa nyayo.

Hatua ya tano: sanduku la kuzalia

Hapa ndipo ninapotaka msomaji atulie, kwa sababu sanduku zuri huokoa watoto wengi kuliko dawa yoyote. Fundi seremala anaweza kulitengeneza kwa mbao au plaiwudi katika muda mfupi. Lenye pande nne za mita 1.2 linamtosha jamani shepadi, na mbwa wa kienyeji atatosheka na pungufu kidogo ya hapo. Kipimo cha kweli ni kwamba mama aweze kujinyoosha kwa ubavu na bado watoto wakapata nafasi ya kulala kando yake. Kuta ziwe na kimo cha kuwazuia watoto wasianguke nje, na upande mmoja upunguzwe ili mama aruke bila kugonga chuchu.

Ndani ya sanduku, piga msumari vipande vya mbao au bomba la plastiki kuzunguka kuta zote, sentimita 10 hivi kutoka sakafuni na sentimita 10 kutoka ukutani. Mama anapojiegemeza ukutani kulala, mara nyingi mtoto huwa nyuma yake na sauti yake haisikiki chini ya mgongo. Ile reli humwachia mtoto uchochoro wa kupumulia mpaka mama ageuke. Kwa mbwa wakubwa haipaswi kamwe kukosekana.

Tandika magazeti mengi chini na khanga au shuka kuukuu zilizofuliwa juu. Maranda ya mbao hayafai, kwani huingia puani mwa watoto na kung'ang'ania vitovu vibichi. Liweke sanduku mahali penye utulivu, pasipo upepo wa moja kwa moja, wiki mbili kabla ya siku, ili jike lizoee kulala humo. Familia ambayo haiingizi mbwa ndani ya nyumba inaweza kutumia banda la nje, ikiwa paa halivuji na upande wa upepo umezibwa kwa mabati au turubai.

Siafu ni adui asiyetajwa katika vitabu vya kigeni. Wakati wa mvua msafara wao unaweza kuingia bandani usiku, na mama ataruka nje huku watoto wasioona wala kutembea wakibaki. Liinue sanduku kwa miguu mifupi, kila mguu usimame ndani ya kopo lenye maji na mafuta ya taa kidogo, mafuta hayo yasiweze kufikiwa na mbwa, na kusiwe na ubao wala tandiko linalogusa ukuta au ardhi na kuwa daraja. Kagua kwa tochi kabla ya kulala.

Kuhusu joto, watoto wa wiki ya kwanza hawawezi kutetemeka ili kujipasha, kwa hiyo mahali wanapolala panatakiwa kuwa na nyuzi 29 hadi 32 za Selsiasi. Dar es Salaam au Mombasa mwezi Februari joto hilo lipo bila juhudi, na shida huwa ni kinyume chake: bati linalochoma na mama anayetweta mchana kutwa, ambaye anahitaji kivuli na hewa. Njombe, Mbeya, Arusha au Limuru mwezi Julai hali ni nyingine kabisa. Jaza chupa za plastiki maji ya moto kiasi, zifunge kwa kitambaa kinene, na uziweke kona moja tu ya sanduku ili anayeona joto limezidi aweze kusogea. Usiweke jiko la mkaa katika chumba kilichofungwa. Moshi wake una gesi yenye sumu isiyo na harufu, inayoua mbwa na watu pamoja.

Hatua ya sita: vifaa vya kuweka karibu

Weka kwenye beseni moja taulo ndogo nyingi zilizofuliwa, glavu, mkasi uliochemshwa, uzi imara uliolowekwa kwenye spiriti, ayodini, kipimajoto, mafuta ya mgando, mizani ya jikoni, nyuzi za sufu za rangi tofauti, tochi yenye betri mpya kwa ajili ya umeme kukatika, na lile bomba dogo la mpira la kunyonyea makamasi ya watoto wachanga linalouzwa famasi. Kama unaweza kupata maziwa ya unga yaliyotengenezwa kwa watoto wa mbwa, nunua kopo moja. Mbwa mwenye manyoya marefu anyolewe kuzunguka chuchu na sehemu za nyuma.

Hatua ya saba: pima joto la mama

Kuanzia siku ya 56, mpime mama joto asubuhi na jioni kwa kipimajoto kilichopakwa mafuta na kuingizwa taratibu katika njia ya haja kubwa, na uandike kila kipimo. Kawaida yake huwa kati ya nyuzi 38 na 39. Joto likishuka ghafla kwa nyuzi nzima au zaidi, likawa chini ya 37.2, mara nyingi uchungu utaanza ndani ya saa 24. Kipimo kimoja peke yake hakisemi kitu. Ni mfululizo wa vipimo vya siku kadhaa unaofanya mshuko huo uonekane.

Hatua ya nane: uchungu na kuzaa

Awamu ya kwanza huchukua saa 6 hadi 12 kwa kawaida, na kwa jike anayezaa kwa mara ya kwanza inaweza kufika 24. Jike hukataa chakula, hutweta, hutetemeka, huchimba na kurarua matandiko, hutazama ubavu wake, na pengine hutapika. Mtu mmoja aliyemzoea akae karibu kwa utulivu. Majirani, watoto na simu za kupiga picha vikae mbali, kwa kuwa jike lenye hofu linaweza kusimamisha uchungu au kuanza kuwahamisha watoto mdomoni.

Awamu ya pili huonekana pale tumbo linapokaza na mama anaposukuma. Kila mtoto atakapotoka andika saa, uzito na jinsia. Kwa kawaida hupishana kwa dakika 30 hadi 60, na mama anaweza kupumzika zaidi ya hapo katikati. Usiogope ukiona miguu ya nyuma inatangulia; karibu watoto wanne kati ya kumi huzaliwa hivyo salama. Baada ya kila mtoto hutoka kondo la nyuma, na unapaswa kuyahesabu. Mama akila moja au mawili si tatizo, lakini akiyala yote anaweza kuharisha, hivyo mengine uyaondoe.

Mama mwenyewe hupasua chupa, hulamba mtoto na kukata kitovu. Asipofanya hivyo ndani ya dakika moja au mbili, wewe ufanye. Pasua utando kuanzia puani, futa mdomo, nyonya ute kwa lile bomba, kisha mshike mtoto kichwa kikiwa kimeinama kidogo na umsugue mgongo na mbavu kwa taulo kwa nguvu kiasi mpaka alie. Usimrushe wala kumpunga hewani kama wengine wanavyofanya, kwa kuwa ubongo wake unaweza kuvuja damu. Kwa kitovu, kibane kwa vidole viwili karibu na tumbo ili usivute ngozi, funga uzi sentimita 2 hadi 3 kutoka tumboni, kata upande wa kondo, na uchovye ncha iliyobaki katika ayodini. Mrudishe kwa mama mara moja.

Mpigie daktari bila kungoja asubuhi ikiwa mama anasukuma kwa nguvu dakika 30 na hakuna mtoto; ikiwa zimepita zaidi ya saa mbili tangu mtoto wa mwisho na unajua wengine wamo; ikiwa ute wa kijani kibichi umetoka kabla ya mtoto wa kwanza, kwa maana ni ishara kwamba kondo limeachia; ikiwa mtoto ameonekana nusu na amekwama; ikiwa damu nyekundu inatiririka; ikiwa joto lilishuka zaidi ya saa 24 zilizopita na uchungu haujaanza; au ikiwa mama amelegea na hasimami. Ute wa kijani baada ya mtoto wa kwanza ni wa kawaida.

Katika hali hiyo kuna atakayekushauri ukanunue sindano ya oksitosini kwenye duka la dawa za mifugo. Usikubali. Dawa hiyo hukaza mfuko wa uzazi, na ikiwa mtoto amekaa vibaya au njia ni nyembamba, mfuko unaweza kupasuka na mama akafa pamoja na watoto. Ni daktari pekee, baada ya kumpima, anayeweza kusema kwamba inafaa.

Hatua ya tisa: siku na wiki zinazofuata

Hakikisha kila mtoto amenyonya dang'a ndani ya saa chache za kwanza, kwa kuwa baada ya siku moja utumbo wake hauwezi tena kuipokea kinga iliyomo. Mtoto aliyepoa asilishwe kabla hajapashwa joto taratibu, maana tumbo la baridi halisagi maziwa. Maziwa ya ng'ombe yana mafuta na protini chache mno kulinganishwa na ya mbwa, kwa hiyo yasiwe tegemeo la mtoto anayelelewa kwa chupa.

Mfunge kila mtoto uzi wa sufu shingoni bila kukaza, uulegeze kila siku anapokua, na umpime uzito kila siku kwa saa ile ile. Siku ya kwanza anaweza kupungua kidogo, kisha anatakiwa kuongezeka kila siku, na kufikia siku ya 10 hivi awe amefikia mara mbili ya uzito aliozaliwa nao. Mizani huonyesha mtoto anayedhoofika siku nzima kabla jicho halijamwona. Macho hufunguka kati ya siku ya 10 na ya 14. Dawa ya minyoo huanza wakiwa na wiki mbili na kurudiwa kila baada ya wiki mbili, chakula laini huanza wiki ya nne, na hakuna mtoto anayepaswa kutolewa kwa mnunuzi kabla ya wiki nane. Chanjo ya kichaa cha mbwa hufuata akifika miezi mitatu.

Mama atatokwa na uchafu wa rangi ya kahawia kwa wiki tatu au zaidi, na hilo si ugonjwa mradi unapungua na haunuki. Harufu mbaya, homa, au titi moja lililovimba, gumu na la moto ni mambo ya daktari siku hiyo hiyo. Anaponyonyesha watoto wengi anaweza kuhitaji chakula mara mbili hadi tatu ya kawaida yake, na usimnyime.

Wiki ya pili hadi ya nne, hasa kwa mbwa wadogo wenye watoto wengi, ndipo lile degedege la kupungukiwa na kalsiamu hutokea. Huanza kwa mama kutotulia, kutweta bila joto na kutembea amekakamaa miguu, kisha misuli hutetemeka na mwishowe huanguka na kukakamaa. Kutoka dalili ya kwanza hadi kifo zinaweza kupita saa chache tu. Waondoe watoto wote kwenye chuchu papo hapo na umkimbize mama kwa daktari, ambaye atamchoma kalsiamu mshipani polepole huku akisikiliza moyo. Sindano hiyo ikichomwa haraka husimamisha moyo, kwa hiyo usiijaribu nyumbani. Watoto walelewe kwa chupa kwa saa 24 au zaidi, na wasirudishwe kunyonya mpaka daktari aseme.